Mafuta Yaliyoganda Spring Valley

Ndugu yangu Jabir ana akili nyingi na uti wa mgongo laini kama wali wa maji. Nasema hivi nikimpenda. Alisoma kemia chuo kikuu, akapata shahada, akaja kuitundika ukutani kwangu Ngara, kisha akaenda kuuza manukato katika duka la mjomba mtaa wa Biashara. Hata huko alikuwa hasara tupu. Mteja akimwuliza kama marashi haya yanadumu, anamwambia hayadumu. Lakini usidanganyike ukadhani ni jasiri. Ukweli ulimtoka kwa wepesi mbele ya bibi aliyekuja kununua udi. Mbele ya mwanamume mwenye koti zuri ulimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Mimi ninaendesha mkahawa karibu na River Road. Kazi yetu ni kukaanga: sambusa, bajia, viazi karai, kuku. Ukikaanga hivyo mafuta huchoka, na mafuta yaliyochoka ni balaa. Walikuwapo wanaume waliokuja mlango wa nyuma wakitaka niwape wakayauze tena kwa wakaangaji wa barabarani. Niliwafukuza. Watu waumwe matumbo kwa ajili yangu? Basi madebe yakajaa stoo, mpaka siku moja Jabir akaingia, akayatazama kama mtu aliyeonyeshwa mchumba.

"Dada, haya ni dizeli," akasema.

"Haya ni uchafu."

"Ni dizeli ambayo bado haijafunzwa adabu."

Akakodi chumba cha mabati Kabiria, nyuma ya nyumba ya mzee Ndungu, mwenye vyumba vya kupangisha na ng'ombe wa maziwa. Huko ndiko alikoyafunza adabu. Aliyachuja kwa kitambaa, akayapasha moto mpaka maji yote yakatoka. Kisha akachanganya methanoli na soda kali, ile ya kuzibulia mabomba, amevaa miwani na glavu, nje penye upepo, kwa maana mvuke wake hupofusha. Mchanganyiko huo akautia ndani ya mafuta ya moto, akakoroga, akauacha utulie. Kesho yake chini palikuwa na uji mweusi, na juu kitu cheupe-dhahabu, chepesi, kinachopita mkononi kama maji. Akakiosha, akakikausha, akakitia kwenye chupa.

Mzee Ndungu alikuwa amemtazama siku zote hizo kupitia ufa wa mlango.

"Kijana, niambie ukweli. Hii kitu unapika ni chang'aa?"

"Hapana, mzee. Ni mafuta ya injini."

"Kwa sababu polisi wakikuja, mimi sikujui. Nitasema hata hiyo nyumba si yangu."

Jabir akaomba ruhusa ya kuyatia kwenye mashine ya mzee ya kukatia nyasi za ng'ombe. Mashine ikawaka. Ikakata nyasi asubuhi nzima, na moshi wake ukanuka bajia. Mzee Ndungu alicheka mpaka akashika kiuno. "Sasa hawa ng'ombe wataanza kudai pilipili!"

Mimi pia nilicheka, na sikucheka kwa dharau. Mafuta yangu machafu yalikuwa yakikata nyasi Kabiria. Laiti mambo yangeishia hapo.

Lakini Jabir alirekodi video ya ile mashine, akaitupa mtandaoni, na video ikamfikia Quincy.

Mniwie radhi, siwezi kumweleza Quincy bila kukunja uso. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, ndevu zimechongwa, viatu vya ngozi bila soksi. Aliishi Spring Valley katika nyumba ya baba mkwe wake, akiwaambia watu "nyumbani kwangu." Kabla ya hapo alikuwa na kampuni ya kufuga nyuki juu ya mapaa ya maghorofa. Nyuki walihama, nadhani walimsikia akihutubia. Alifika Kabiria na gari refu, akakanyaga kwa ncha za vidole kati ya mavi ya ng'ombe, akamkumbatia ndugu yangu kama pacha wake aliyepotea.

"Msee, wewe ni jiniasi. Unajua hivyo? Hii kitu ni kubwa kuliko hii Kabiria. Tunaipeleka dunia!"

Jabir aliniletea maneno hayo mkahawani na macho yanamng'aa. Kumbe miaka yote alikuwa na njaa ya kuitwa jiniasi, nami nilikuwa nikimlisha sambusa.

Nilikwenda kuiona ofisi yao Westlands. Ilikuwa ghorofa ya juu, vioo kila upande, na magari yamebanana chini kama ngano guniani. Juu ya meza walikuwa wameweka chupa ya mafuta ya Jabir yenye taa chini yake, mfano wa masalia matakatifu. Pembeni palikuwa na mti mzuri wa kijani kwenye chungu. Nikagusa jani. Plastiki. Kampuni ya kuokoa mazingira, na mti wa plastiki. Jina la kampuni lilikuwa la Kiingereza, refu, na silitaji maana linanitia kichefuchefu.

Quincy akanieleza mpango. Mafuta ya mikahawa hayatoshi, alisema. Kukusanya debe hapa, debe pale, hiyo ni kazi ya punda. Yeye alikuwa amepata mafuta ya wanyama, yale yanayobaki machinjioni, mengi na rahisi.

"Sasa, Madam, tunahitaji zile sufuria zako kubwa za kuyeyushia."

"Mafuta ya mnyama gani?" nikauliza.

"Ng'ombe, mbuzi, chochote. Injini haina dini."

"Injini haina, lakini sufuria zangu zinayo."

Akacheka, akatazama simu yake. Jabir ndiye aliyeingilia kati. Alisema watatumia ya ng'ombe peke yake, na kwamba vyombo vya dada yake vitabaki kwa dada yake. Kisha akasema jambo la maana zaidi, japo kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha.

"Lakini Quincy, mafuta ya ng'ombe yana shida. Hata yakishageuzwa dizeli, yanaganda kwenye baridi. Ya mimea yanavumilia. Haya hayavumilii. Tungeyachanganya kidogo tu, na tungojee miezi ya joto."

"Baridi gani?" Quincy akanyoosha mikono kuelekea dirishani. "Bro, hii ni Afrika. Afrika iko na jua."

Nilitazama nje. Nairobi nzima ilikuwa imefunikwa na wingu la kijivu, na watu chini wamevaa makoti. Jabir alitazama pia. Kisha akanyamaza, na pale ndipo alipoanza kupotea.

Uzinduzi uliwekwa Julai. Anayeijua Nairobi anaijua Julai: ukungu mpaka saa nne, vidole vinauma, mafuta ya nazi ndani ya kichupa yanakuwa jiwe. Walitandaza mahema kwenye bustani ya yule baba mkwe, Spring Valley, juu ya majani yaliyonyolewa kuliko kichwa cha askari. Niliitwa nikakaange sambusa palepale, eti wageni waone mahali mafuta yanapoanzia safari yake. Nilikubali kwa ajili ya Jabir, nikavaa sweta mbili chini ya buibui.

Wageni walikuja: wafadhili, watu wa magazeti, mabibi waliovalia vitenge vya kushonewa hafla. Nyuma ya ua wa michongoma kulikuwa na jenereta kubwa lililotiwa mafuta ya ng'ombe. Lenyewe ndilo lililoendesha vipaza sauti, taa na mashine ya kahawa. Siku iliyotangulia Jabir alikuwa amelijaribu juani, likafanya kazi vizuri. Lakini mafuta yalikuwa yamelala nje kwenye baridi.

Likawaka. Quincy akapanda jukwaani, akashika maikrofoni, akaanza kutueleza kuhusu mustakabali wa bara letu. Sijui alikuwa amefika wapi katika mustakabali huo wakati jenereta lilipokohoa. Likakohoa tena. Taa zikafifia, maikrofoni ikakata, mashine ya kahawa ikatoa pumzi ndefu, na Spring Valley yote ikanyamaza, isipokuwa karai yangu.

Nilimfuata Jabir nyuma ya ua. Alikuwa amefungua kichujio cha mafuta, na ndani yake palikuwa na kitu cheupe, kizito, kama samli iliyotoka kabatini. Alikichota kwa kidole.

"Yameganda," akasema. "Nilimwambia."

Quincy alikuwa ameshafika, jasho limemtoka katika baridi ile. "Shh! Hilo neno usilitamke hapa." Akamshika dereva wake shingoni, akamtia mtungi wa plastiki mkononi. "Kimbia petroli stesheni. Dizeli. Sasa hivi!"

Kisha mtu yule akarudi jukwaani bila maikrofoni. Nilidhani angeomba radhi, lakini akainua mikono kama kasisi.

"Marafiki," akasema, "tumezima jenereta makusudi. Naomba tusimame, tufumbe macho, tuwe na ukimya kwa ajili ya dunia yetu inayoumia."

Wakasimama. Nawaapia, watu wazima wenye shahada, wenye madereva, walisimama kwenye ukungu wakafumba macho, na mmoja akashika kifua. Dunia ikaumia kwa muda mrefu, maana stesheni ilikuwa na foleni. Nyuma ya ua ndugu yangu alikuwa amepiga magoti anasafisha paipu kwa kipande cha waya, anamimina dizeli ya stesheni.

Jenereta liliponguruma, Quincy akarukaruka. "Mnasikia? Mnasikia? Hiyo ni sauti ya ng'ombe!"

Makofi yakapigwa. Akamwita Jabir mbele, "mwanasayansi wetu," na Jabir akaenda. Alisimama pale na mikono inayonuka dizeli ya watu wengine, akainamisha kichwa, akatabasamu. Mpaka leo nikilikumbuka tabasamu lile natamani kulifuta kwa brashi ya chuma.

Baadaye kidogo mama mmoja akawafuata Quincy na Jabir wakiwa karibu na karai yangu. Jina lake lilikuwa Debra, mwenye shule ya msingi huko Kabiria, mwanamke mnene mwenye mtandio wa sufu na macho yasiyocheza. Alisema angependa mafuta hayo kwa mabasi ya shule.

"Lakini mabasi yetu yanatoka kabla ya jua," akasema. "Hii baridi ya asubuhi haitasumbua?"

Alimwuliza Jabir. Alimtazama Jabir. Ilikuwa kama mlango umefunguliwa, na ndugu yangu alichotakiwa kufanya ni kupita tu. Akamgeukia Quincy.

"Haisumbui hata kidogo, Madam," Quincy akasema. "Si umesikia mwenyewe?"

Jabir akatazama viatu vyake. Nikageuza sambusa, nikaiunguza.

Siku ya pili alikuja mkahawani kuchukua madebe, kana kwamba hakuna lililotokea. Nilikuwa namenya vitunguu.

"Huna mafuta hapa," nikamwambia.

"Dada, ningefanya nini? Wale watu wote..."

"Ungesema yameganda. Neno moja. Bwana mzima, umesoma kwa jasho la mama yako, unashindwa na neno ambalo hata mpishi wangu analijua!"

"Quincy anasema ni mwanzo tu. Mwezi wa kwanza tutampa Debra dizeli ya stesheni, tutie yetu kidogo inukie. Akizoea tunaongeza yetu polepole."

Nikaweka kisu chini. "Polepole mpaka lini? Mpaka basi lizime Waiyaki Way alfajiri, watoto ndani, malori nyuma yao? Halafu utasimama kando ya barabara ufumbe macho kwa ajili ya dunia?"

Nikamwita mwanasesere. Nikamwita mti wa plastiki. Nilimwita mengine ambayo mama yetu asingependa kuyasikia, na wateja wa meza ya karibu wakaacha kutafuna. Akatoka bila madebe, na kwa wiki nzima sikumwona wala kumpigia simu.

Asubuhi aliyorudi alikuwa na pikapu ya kampuni, na nyuma mapipa ya Debra yamefungwa kwa kamba. Alikuwa amekonda.

"Njoo nami Kabiria," akasema.

"Sina haja ya kuuona uongo ule ule mara mbili."

"Njoo uone, Dada. Nikiwa peke yangu nitageuza njiani."

Nikavua aproni. Tukaendesha mpaka kwa Debra. Shuleni watoto walikuwa wakiimba darasani, na Debra akatupokea ofisini kwake amekaa nyuma ya meza iliyojaa vikombe vya michezo. Jabir hakukaa. Alisimama katikati ya sakafu na kofia mkononi, akasema yote: kwamba ndani ya mapipa mlikuwa na dizeli ya stesheni iliyotiwa harufu, kwamba jenereta la Spring Valley lilizima kwa sababu mafuta yaliganda, kwamba ukimya ule haukuwa wa dunia, ulikuwa wa dereva aliyepanga foleni.

Debra alimsikiliza bila kupepesa.

"Kwa hivyo," akasema taratibu, "mimi nilisimama kwenye baridi, na huu mgongo wangu, nikafumba macho, nikiombea petroli stesheni."

"Ndiyo, Mama."

"Na nilikuuliza wewe. Si yeye. Wewe."

"Ndiyo, Mama."

Akachukua simu, akampigia Quincy, akaiweka sauti ya juu. Akamweleza alichoambiwa. Quincy hakusita hata kidogo. Alisema Jabir alikuwa kibarua tu wa kuosha mapipa, kwamba alifukuzwa jana kwa ulevi, na kwamba Madam asiwe na wasiwasi, wataalamu halisi watafika. Ulevi! Ndugu yangu, ambaye hata soda nyeusi huiangalia mara mbili.

Nilimwona Jabir akipokea lile pigo. Uso ulimkauka. Kisha akainama kwenye simu, na kwa sauti ileile aliyokuwa akiwaambia wanunuzi wa marashi ukweli wao, akasema, "Quincy, ni mimi. Nimesimama hapa. Yameganda, na utaendelea kusema hayakuganda, lakini yameganda."

Simu ikakatika.

Nilitegemea Debra angemsifu. Hakumsifu. Alisimama, akavuta mtandio.

"Umesema ukweli, kijana. Lakini umeusema baada ya makofi yangu kuisha. Ungeusema siku ile, leo ningekuwa ninakununulia. Sasa toa hayo mapipa kwa kiwanja changu. Na usinirudie na chupa yoyote."

Tukatoka. Jabir aliketi kwenye usukani bila kuwasha gari. Nikangojea alie. Badala yake akavuta pumzi na kusema kwamba mama yule alikuwa na haki, kila neno. Nami, niliyekuwa nimeandaa matusi mengine mapya njiani, nikayameza. Tuliirudisha pikapu Westlands, akaacha funguo kwa mlinzi wa mlango, hakupanda ghorofani.

Sasa msidhani dunia ilimlipa. Mjomba alikataa kumrudisha dukani. Debra hajanunua tone mpaka leo. Na Quincy hakupatwa na lolote. Picha yake ilitoka gazetini, ameshika ile chupa yenye taa, na juzi nimesikia amealikwa kwenye mkutano mkubwa kuzungumzia uadilifu katika biashara. Sikutunga hilo, sina kipaji hicho.

Jabir alirudi kwenye chumba cha mabati. Mzee Ndungu alimpokea na swali lilelile la chang'aa, safari hii kwa mzaha. Alianza tena na madebe yangu, mafuta ya mimea peke yake. Akija mtu kununua, Jabir humweleza kwanza ubaya wake: usiyaweke kwenye gari jipya kabla ya kuuliza fundi, usiyaache tangini muda mrefu, miezi ya baridi uyachanganye na dizeli ya kawaida, na nusu ya wanunuzi huondoka kabla hajamaliza. Nusu nyingine hubaki. Mwenye kinu cha kusagia mahindi Riruta amebaki. Na mwenye kuchonga mawe pia. Kumbe Debra, kwa hasira zake, alikuwa amesimulia kisa kile katika kila mkutano wa kanisa na wa wazazi, na wapo waliosikia kisa hicho wakataka kumwona huyo mtu anayekwambia bidhaa yake inaganda.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, Quincy aliingia mkahawani kwangu mchana. Bila soksi, katika baridi ile. Aliketi, akaagiza chai, akasema amesikia Jabir hupitia hapo. Wafadhili walitaka kuuona mtambo, na kampuni yake haikuwa nao.

Jabir alikuwa stoo anabeba madebe. Akatoka, akajifuta mikono. Mimi nilikuwa nimeshika beseni la maji ya vyombo, na nakiri nilipima umbali.

"Msee wangu!" Quincy akafungua mikono. "Tuache za zamani. Waje Kabiria waone tu, wapige picha. Siku moja!"

"Waje," Jabir akasema kwa upole. "Mimi siwazuii. Waje asubuhi, wakati wa baridi, nitawaonyesha yanayofanya kazi na yanayoganda. Na wakiniuliza kuhusu Spring Valley, nitawaambia."

Quincy alimtazama kama mtu aliyejibiwa kwa lugha asiyoijua. "Kwani wewe unataka nini hasa?"

"Chai yako inapoa," Jabir akamwambia, akarudi stoo.

Upole mtupu! Mimi ningemwogesha yule mtu kwa beseni zima, na ningeongeza maganda ya vitunguu. Nilikasirika hata nikamfuata ndugu yangu stoo kumwuliza kwa nini amemwachilia hivi hivi. Alikuwa amepiga magoti anachuja debe, na hakuinua kichwa.

"Dada," akasema, "shika hiki kitambaa upande huo."

Nikakishika. Tuliporudi mbele, Quincy alikuwa ameondoka, na kikombe chake kimejaa.